GCN ya NASA: mwaka mzima nimeitumia nikiwa Uyole, maoni yangu haya hapa (na vile vimulimuli vya eksirei vina undugu gani na milipuko ya gama)

Wadau habari zenu. Nimeona humu watu wanasifia simu, subufa, majiko ya gesi, na mimi leo nataka niongelee huduma ambayo sijaona hata mtu mmoja akiigusa, na ni ya bure, na imenifundisha fizikia kuliko semina zote nilizowahi kukaa. Inaitwa GCN, ni ya NASA, kazi yake ni kusambaza habari za milipuko ya angani muda uleule inapotokea. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nakaa Uyole, nimejiunga Oktoba 2024 na sijatoka tangu siku hiyo.

Kwanza nieleze ni kitu gani maana ukifungua tovuti yao mara ya kwanza unaweza ukadhani siyo ya kwako. Iko hivi, huko juu kuna satelaiti zinazolinda anga usiku na mchana, zikiona mwanga wa gama au wa eksirei (mwanga usioonekana kwa macho, gama ndiyo yenye nguvu zaidi) umewaka ghafla mahali zinapiga kengele, na kengele hiyo inapita GCN kwenda kwa kila aliyejiandikisha, awe profesa Ujerumani au mwalimu Uyole. Kuna aina mbili za habari. Kuna taarifa za mashine, hizo zinaruka zenyewe ndani ya sekunde au dakika na zimejaa namba, zinafaa zaidi darubini za roboti zinazojigeuza bila mtu kuzigusa. Afu kuna nyaraka, na mimi nasema nyaraka kwa maana ileile ya waraka unaokuja shuleni kutoka wizarani, isipokuwa hizi zinaandikwa na wanasayansi wenyewe, aya mbili tatu, tumeelekeza darubini yetu pale, tumeona hiki, hatujaona kile. Waraka unaweza kuusoma hata bila akaunti. Kuandika ndo hadi mtu aliyemo akudhamini, na hilo nimelipenda sana, ndo maana humo hamna upuuzi.

Huduma hii ilianzishwa miaka ya 1990 na Scott Barthelmy pale NASA Goddard, enzi za chombo cha BATSE kilichokuwa angani kikinasa milipuko ya gama, maana shida kubwa ya hii milipuko ni haraka yake. Mlipuko wa gama unaweza kuisha ndani ya sekunde mbili. Inayodumu zaidi ya hapo wanaiita mirefu, lakini hiyo "mirefu" nayo mara nyingi ni nusu dakika, dakika moja, imekwisha, na ndani ya muda huo imetoa nguvu inayoshindana na yote ambayo Jua letu litatoa maisha yake yote. Satelaiti za Vela za Marekani, zilizorushwa kuwachunga watu wasijaribu mabomu ya nyuklia kwa siri, ziliinasa ya kwanza tarehe 2 Julai 1967, na habari ikachapishwa hadharani 1973. Halafu watu wakakaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua inatoka jirani au mbali, hadi satelaiti ya BeppoSAX ya Waitaliano na Waholanzi ilipoona mabaki ya mwanga wa eksirei ya mlipuko wa tarehe 28 Februari 1997. Ona hapo, eksirei ndiyo iliyotoa siri ya gama, na hadithi yenyewe imeendelea hivyohivyo mpaka leo.

Sasa sababu hasa ya mimi kuiandikia huduma hii ni vimulimuli. Hilo jina nimelitoa mwenyewe darasani na vijana wangu wa klabu wamelizoea. Ni mwanga wa eksirei unaowaka, unakaa dakika kadhaa au saa kadhaa, unazima, haurudi, na ukiangalia satelaiti za gama muda uleule unakuta hazijaona kitu. Zamani vilikuwa vinaokotwa kwa bahati tu. Kuna sehemu ya anga kwenye kundi la nyota la Fornax, na huku kwetu Desemba jioni linapita juu sana angani, darubini ya eksirei ya Chandra iliyoko angani iliitazama sehemu hiyo ndogo kwa jumla ya sekunde milioni 7, na tarehe 1 Oktoba 2014 ghafla kikawaka kitu mahali ambapo hapakuwa na kitu. Waliponasa mwanga wake wote walipata fotoni (chembe za mwanga) mia moja na kidogo. Yaani fotoni unaweza ukazihesabu kama unavyohesabu mayai kwenye trei, trei nne hazijai, na kutokana na hizo watu wameandika kurasa na kurasa. Machi 2015 kikawaka kingine eneo lilelile, hicho galaksi yake iko mbali kiasi kwamba mwanga umesafiri miaka bilioni 6.6 na ushee, na maelezo yaliyopata nguvu ni kwamba nyota mbili za nyutroni (mabaki yaliyosongamana mno ya nyota zilizokufa) ziligongana zikaacha nyota moja yenye usumaku wa kutisha, na sisi tulikuwa tumekaa upande ambao mlipuko wake wa gama haukutuelekea.

Hapo kwenye kuelekea ndo kuna utamu wote, na hapo ndo nilikuwa napata shida kufundisha mpaka siku nimesafiri usiku kutoka Dar.

Mnaoijua Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Iringa, mtanielewa. Basi linapanda, ukungu umeshuka, semi inashuka inakunja kona inakupiga full usoni, kwa sekunde mbili huoni kitu kingine duniani zaidi ya ile taa. Huo ndo mlipuko wa gama. Nyota kubwa imekufa, katikati yake pamekuwa shimo jeusi, mkondo wa vitu unafyatuka kama maji kwenye mpira kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga, na bahati imeangukia sisi tukawa mbele ya taa. Sasa ichukulie semi ileile, wewe umesimama pembeni chini kule kwenye mibuyu. Taa yenyewe huioni. Unaona ukungu umekuwa mweupe, miti imeng'aa kidogo, halafu giza. Gari ni lilelile, dereva yuleyule, taa zilezile, ila wewe umepata mwanga hafifu na mpole. Aliyekuwa kwenye basi na aliyekuwa mibuyuni wakikutana Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu wanaweza wakabishana mpaka asubuhi kwamba wameona vitu viwili tofauti.

Hiyo ndo hoja ya kwanza ya undugu na siyo ya kubuni, ushahidi upo. Tarehe 17 Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana kwenye galaksi ya NGC 4993, miaka ya mwanga kama milioni 130 tu, ambao kwa hesabu za hii milipuko ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe uliotokana na mgongano huo, yakafika, sekunde 1.7 baadaye ikaja gama, lakini gama dhaifu mno kwa kitu kilicho karibu vile, na eksirei ikachelewa mpaka siku ya tisa ndo Chandra ikaiona. Maana yake mkondo ulikuwa umeelekea pembeni, sisi tulikuwa mibuyuni.

Hoja ya pili, na vijana wangu waliishika haraka kuliko ya kwanza, ni lori lililozidisha mzigo. Mkondo ili utoe gama lazima uwe mwepesi, ubebe vitu vichache kwa nguvu nyingi. Ukipakiwa protoni kupita kiasi haukimbii tena vile, unatambaa kama fuso la viazi kwenye mlima, na mwanga wake unashuka kutoka kwenye gama unaangukia kwenye eksirei. Wataalamu wanauita mpira wa moto mchafu, na mimi naona jina zuri. Hoja ya tatu ni mkondo uliokwama tumboni mwa nyota, injini imewaka, inanguruma, lakini gari halikufanikiwa kutokeza kileleni, kilichotoka ni joto na moshi uliopenya juu ya miti.

Na hapa nirudi kwenye huduma maana hiyo hoja ya tatu nimeishuhudia ikikua waraka kwa waraka mkononi mwangu. Januari 2025 mnakumbuka mvua zilivyokuwa huku, umeme umekatika, bati linapiga kelele hadi mama watoto anaongea hasikiki, na simu yangu imebaki chaji asilimia 14 (betri niliuziwa dukani kwa maneno matamu, ndani ya miezi minne ikavimba, duka silitaji jina ila nilipata hasara na sikurudishiwa hela). Nafungua imeili nakuta EP250108a. EP ni Einstein Probe, satelaiti ya China wakishirikiana na Ulaya, ilirushwa tarehe 9 Januari 2024 kutoka Xichang, na hizo namba ni tarehe kilipoonekana. Kimulimuli cha eksirei, gama hamna. Nikazima data kuokoa chaji, asubuhi shuleni nikachaji ofisini nikaendelea. Siku zilivyokwenda nyaraka zikawa zinaongezeka, huyu ameona mwanga wa kawaida mahali palepale, yule amepima, mwingine anasema rangi inabadilika, mpaka ikaja kueleweka kuwa ni supanova, yaani nyota kubwa iliyolipuka ikifa, wakaipa jina SN 2025kg, ya aina ileile inayoambatana na milipuko mirefu ya gama. Supanova ipo, mlipuko wa gama haupo. Wengi waliochambua wamesema mkondo ulikwama ndani ya nyota. Mimi niliyasoma yale yakiwa bado mabichi, watu wakibishana kwa heshima, na nikaenda kuandika ubaoni kidato cha nne wakati wino wenyewe haujakauka. Kwa mwalimu wa Mbeya hilo ni jambo kubwa sana naomba mnielewe.

Kuhusu hiyo Einstein Probe niongeze kidogo maana ndo iliyobadilisha mchezo. Darubini za eksirei zilizotangulia nyingi zinaona kitundu kidogo cha anga. Hii ina moduli 12 zilizotengenezwa kwa kuiga jicho la kambakoche, vitundu vidogodogo vya pembe nne vinavyoakisi mwanga kutoka kila upande, kwa hiyo inaona nyuzi za mraba kama 3,600 kwa mpigo mmoja, zaidi ya sehemu moja ya kumi na mbili ya anga lote. Ikishaona kitu inatoa mahali kwa makosa ya kama dakika 3 za tao, na ukitaka kuelewa hiyo chukua mwezi mpevu, duara la kutafutia ni kama moja ya tano ya upana wake. Afu inageuza darubini yake ya pili inapunguza zaidi. Ndo maana vimulimuli tulivyokuwa tunaokota kimoja kimoja saivi vinakuja mfululizo.

Hapohapo tuwe wakweli, siyo kila kimulimuli ni ndugu wa gama. Vingine ni nyota tu za jirani zimejirusha moto, unasoma waraka wa kwanza unashtuka, waraka wa pili unakwambia ni nyota inafahamika, basi. Vingine huenda ni nyota iliyoraruliwa na shimo jeusi, na kwa vingine mabishano bado ni makali. Mfano tarehe 2 Julai 2025, satelaiti ya gama ya Fermi ilipiga kengele mara kadhaa siku moja kwa kitu kilekile, jambo ambalo milipuko ya gama haifanyi kwa sababu kinacholipuka huwa kimeshakufa, na Einstein Probe walipokagua kumbukumbu zao wakakuta eksirei yake ilianza tangu siku moja kabla. Wakakipa jina GRB 250702B upande wa gama na EP250702a upande wa eksirei. Wiki ile nilikuwa likizo Tukuyu kwa wazee, mtandao unashika ukisimama karibu na mgomba mmoja tu, nilisimama pale hadi bibi akaja na shali akasema mwanangu utaugua, ingia ndani unywe chai.

Ila kilichonishawishi mimi kwamba undugu ni wa damu kwa vingi vyao ni kile cha tarehe 15 Machi 2024, EP240315a. Nilikuwa bado sijajiunga, nilirudi kusoma nyaraka za nyuma (zote zimehifadhiwa, unatafuta kwa jina inakuja). Eksirei yake ilianza zaidi ya dakika sita kabla ya gama kufika na ikaendelea kuwaka, jumla zaidi ya dakika 17. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 12 kutufikia. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza swali, nalinukuu lilivyo: "Ticha, kwa hiyo kama satelaiti ya gama ingekuwa imelala siku hiyo, si tungekiita kimulimuli tu?" Nikamwambia ndiyo, tungekiita kimulimuli tu. Akakaa chini anaandika. Hilo swali ndilo wataalamu wanalolizungukia, kwamba mstari kati ya majina haya mawili mara nyingi tumeuchora sisi kwa vyombo tulivyonavyo. Na halikuanza juzi. Miaka ya 2000 mwanzoni satelaiti za BeppoSAX na HETE-2 zilishaonyesha kuna milipuko yenye eksirei nyingi na gama kidogo, na ukiipanga pamoja na ile ya gama kamili unapata ngazi moja isiyokatika. Tarehe 18 Februari 2006 ikaja moja taratibu kabisa, ilidumu zaidi ya nusu saa, miaka ya mwanga milioni 440 tu, na nyuma yake supanova. Tarehe 9 Januari 2008 mwanasayansi Alicia Soderberg na wenzake walikuwa wanaangalia supanova nyingine kwenye NGC 2770 kwa satelaiti ya Swift, wakashuhudia ya pili ikizaliwa palepale kwa mwako wa eksirei wa dakika chache, mara ya kwanza binadamu kuona hivyo.

Haya sasa tathmini.

Bei: sifuri. Hamna tangazo, hamna "lipia uendelee".

Bando: nyaraka ni maandishi matupu, hazili kitu. Mtandao wangu wa simu ndo unaokula bando bila maelezo, hiyo kesi nyingine. Ila msijiandikishe kila kitu siku ya kwanza. Mimi nilitiki vyote, siku moja pametokea mlipuko mkali nikaamka na imeili zaidi ya kumi za kitu kimoja. Chagua nyaraka kwanza, taarifa za mashine chukua za satelaiti moja au mbili tu.

Lugha: Kiingereza, na cha kifundi. Wiki mbili za mwanzo utakuwa unasoma huku una daftari. Vijana wangu sita wa klabu tulitengeneza faharasa yetu ubaoni, maneno kama arobaini hivi yanatosha kuelewa waraka wowote, mengine yanajirudia.

Uaminifu: hapa nawapa nyota zote. Mtu akitoa kengele ya uongo, waraka unaofuata unasema wazi haikuwa mlipuko, tumekosea, futeni. Niliwahi kushusha app moja ya habari za anga, jina naliacha, kila wiki ilikuwa inaniletea herufi nyekundu kwamba mlipuko wa gama unakuja kuangamiza dunia, wanafunzi wakawa wanakuja na hofu kabisa. Nimeifuta. Ule mkubwa kuliko yote tuliowahi kupima, wa tarehe 9 Oktoba 2022, ulitikisa tabaka la juu la hewa yetu, wenye vyombo wakapima, na sisi huku tuliamka tukaenda shamba kama kawaida.

Msijidanganye pia kwamba utatoka nje uone kitu. Eksirei na gama haziji chini, hewa inazizuia zote, ndo maana lazima satelaiti. Wakati mwingine watu wanaenda Mbozi kukiangalia kile kimondo, tani 16 za chuma unakigusa kwa mkono, wanategemea sayansi yote ya anga iwe hivyo. Hii ya kwetu ni ya kusoma. Lakini ukipata mahali pa tukio kwenye waraka, unaweza kuwatoa wanafunzi nje usiku wa Juni ukiwa na baridi yake, mablanketi, chai, ukawaonyesha kwa kidole ni upande ule, kati ya nyota ile na ile, na wanakaa kimya kweli.

Nawapa 4.5 kwa 5, nusu nimeikata kwa ajili ya lugha tu.

Kitu cha mwisho kwa mtakaojiunga, saa zao ni za UT (saa ya dunia, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu) na watu wanachanganyikiwa kujumlisha tatu afu tena kugeuza. Msijisumbue. Toa tatu tu unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja, ikizidi kumi na mbili toa na kumi na mbili, na kama UT yenyewe haijafika saa nne ongeza kumi na mbili kwanza. Ile gama ya 2017 waliandika 12:41, toa tatu, saa tisa na dakika 41 alasiri. Waraka ukisema 20:10 ni saa tano na dakika kumi usiku.